Ugali wa Sista Kabula

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Masista wa Uholanzi hawakungoja hata hiyo ya tatu. Felisita Luhende alifika kwao jioni, akalala, na asubuhi akakabidhiwa kisu cha kumenyea pamoja na ndoo ya viazi. Tangu siku hiyo akawa mtu wa viazi. Watawa wale wazee walivila kila mchana, vya kuchemsha, kwa utulivu wa watu ambao hawajasikia kuwa duniani kuna chakula kingine.

Alikuwa nesi, tena mwenye cheti. Baba yake, Mzee Luhende, alilima pamba Dutwa, kwenye njia ya kutoka Bariadi kwenda Lamadi, enzi hizo Bariadi ikiwa bado mkoa wa Shinyanga. Felisita alimaliza chuo cha uuguzi katika miaka ile ya soko huria, wakati kila kitu kilikuwa ruksa isipokuwa kuajiriwa. Maduka ya Bariadi yalijaa sabuni na redio, mitumba ikamwagwa chini sokoni watu wachague, na wanunuzi binafsi wa pamba wakawa wanakimbizana na malori yao mpaka vijijini, huku ghala la chama cha ushirika likiota nyasi mlangoni. Manesi wapya, serikali ilisema, subirini kwanza. Felisita akasubiri kwa kupalilia pamba ya baba yake, cheti kikiwa ndani ya sanduku la mama yake, mpaka paroko alipoleta habari. Masista wa Kiholanzi, wale waliojenga zahanati ya misheni zamani na kurudi kwao uzeeni, walikuwa wanatafuta binti wa kuwasaidia kwa miaka miwili.

Mama yake alilia. Baba yake aliuliza swali moja tu, kama huko kuna ng'ombe.

Walikuwepo. Kwa Msukuma hilo ndilo lililokuwa ajabu la kwanza, kabla ya ngazi zinazopanda zenyewe uwanja wa ndege na kabla ya baridi. Nyuma ya nyumba ya watawa kulikuwa na malisho mabichi yasiyo na mwisho, na ndani yake ng'ombe weusi kwa weupe wenye viwele vikubwa hata kutembea kwao kulikuwa kwa taabu. Walikula peke yao. Hakuna mchungaji, hakuna fimbo, hakuna mtoto anayepiga mluzi, na bado hakuna aliyewaiba. Felisita alisimama kwenye uzio mpaka vidole vikafa ganzi. Alijua kwamba siku atakapomsimulia baba yake kiasi cha maziwa anachotoa ng'ombe mmoja wa pale, mzee atamwona mwongo, kwa hiyo akaamua mapema kwamba atapunguza nusu.

Kazi yake ilikuwa jikoni. Wodini, kama walivyoita vyumba vya wagonjwa vya ghorofa ya chini, kulikuwa na wauguzi wa Kiholanzi, na yeye alipelekwa huko pale tu mkono ulipopungua. Ndiyo maana ilipita muda kabla hajaonana uso kwa uso na Sista Adriana.

Jina la Adriana halikumwambia kitu. Lakini siku ya kwanza alipoingia chumbani mle na sinia la chakula, moyo ulimruka. Aliyekaa kwenye kiti kando ya dirisha, mdogo, amejikunja, shuka magotini, alikuwa Sista Kabula. Bariadi hakuna aliyemwita Adriana. Alifika misheni siku mvua ilipovunja ukame, miaka mingi kabla Felisita hajazaliwa, na watu wakamwita Kabula, jina la mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua. Alikaa huko mpaka nywele zikawa nyeupe. Alizalisha wanawake, akazalisha binti zao, akawachanja watoto wa hao binti. Felisita na wenzake walimjua kama sindano. Walikuwa wakisikia pikipiki yake wanakimbilia kwenye mtama.

"Shikamoo, Sista," Felisita alisema siku ile, kwa Kiswahili chake cha shule.

Sista hakujibu. Macho yake ya bluu yalipita juu ya Felisita yakarudi dirishani. Mama Mkuu, Sista Lidwina, ambaye mwenyewe alifanya kazi Mwanza miaka michache na Kiswahili chake kilikuwa bado kinatembea, alimweleza wakiwa kwenye korido.

"Usihuzunike, Felisita. Hamtambui yeyote kati yetu. Hamjui hata dada yake wa tumbo moja. Maneno yamemtoka karibu yote. Ananong'ona tu, mambo yasiyo na maana. Amebakiwa na neno moja, nog."

Felisita alishafundishwa neno hilo. Nog kwa Kiholanzi ni bado, ni tena, ni ongeza. Mtu akikusogezea kikombe akasema nog, unammiminia. Basi kila sinia lilipowekwa mbele ya Sista Adriana, bibi alikitazama chakula, akamtazama aliyekileta, akatamka neno lake kwa mdomo usio na meno, na wauguzi kwa furaha wakaongeza viazi. Felisita naye aliongeza, si mara moja. Kilichowashangaza wote ni kwamba mtu aliyeomba kuongezewa hakula hata kile cha kwanza. Kadiri sahani ilivyojaa ndivyo alivyorudi nyuma kwenye kiti.

Majilio yalipoanza, wiki nne kabla ya Krismasi, aliacha kula kabisa. Alikubali maji na chai, basi. Mwili uliokuwa mdogo ukazidi kunywea, pete ya utawa ikawa inazunguka kidoleni. Daktari alikuja, akampima, akazungumza na Mama Mkuu kwa sauti ya chini. Siku hiyo Mama Mkuu aliingia jikoni na kukaa kwenye kigoda cha Felisita, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Akivuka Krismasi bila kula," alisema, "gari litakuja kumchukua. Watamwekea mpira puani. Daktari anasema wakishamwekea huo, hatarudi hapa tena. Atafia huko."

Felisita alikuwa ameona mipira ya puani chuoni. Akilini alimwona yule bibi wa pikipiki amefungwa mikono asiuchomoe. Akasikia hasira, hajui anamkasirikia nani, na kabla hajapima maneno akajikuta anaomba.

"Mama Mkuu, niruhusu siku ya Krismasi nimpikie mimi. Chakula cha kwetu."

"Amekataa hata supu, mwanangu."

"Supu ya hapa amekataa."

 Mama Mkuu akacheka kidogo, akasema haya, na akatoa funguo za stoo.

Kupika chakula cha sikukuu ya Bariadi katika nchi ya watu si jambo la kukurupukia. Nyumbani Krismasi huangukia kwenye mvua na palizi, ghala linaelekea kuisha, na ndiyo maana chakula chake kina utamu ambao hakina siku nyingine. Kuna jogoo aliyeandaliwa tangu Oktoba na kila mtoto anamjua kwa tabia. Kuna wali kwa ajili ya watoto, na kuna ugali kwa ajili ya watu wazima, ambao huula wali kwa heshima na kisha kuuliza chakula kiko wapi. Kuna michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vikaanikwa juani hadi vikawa vigumu, kisha vikapikwa vikalainika. Juu ya yote kuna nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, yakaungwa kwa karanga.

Nsansa na michembe alikuwa nayo. Mama yake aliisukumiza ndani ya begi bila kumuuliza, na uwanja wa ndege wa Amsterdam askari wa forodha aliyaona yale majani makavu yaliyofungwa kwenye kitambaa, akayanusa, akamwita mwenzake, mwenzake akamwita mbwa. Mbwa alinusa, akapiga chafya, akaondoka. Felisita alisimama pale akieleza kwa Kiingereza kwamba ni mboga, huku akimlaani mama yake kimoyomoyo. Mkesha wa Krismasi alipokifungua kile kitambaa jikoni na harufu ya paa la nyumba yao, yalikoanikwa, ikatoka, alimwomba mama yake msamaha kwa sauti.

Karanga zilimstaajabisha. Masista walikuwa nazo kabatini zimesagwa tayari, laini, zimejaa chupa nzima, na kazi yao ilikuwa kupaka mkate asubuhi. Aliwaza mama yake na jiwe la kusagia, akaona dunia imegawanywa vibaya. Unga ulikuwa shida zaidi. Duka la Mturuki karibu na stesheni lilikuwa na unga wa mahindi, lakini wa njano, ule ambao nyumbani watu waliuita yanga, wakaula miaka ya foleni na ya njaa. Msukuma hawezi kumwekea mgeni ugali wa yanga siku ya Krismasi kwa hiari yake. Felisita aliuchukua kwa sababu asiye na mwana aeleke jiwe. Kuku naye alitoka dukani hana kichwa, hana kucha, hana firigisi. Kuku wa siku chache ambaye hakuwahi kufukuzwa na mtu. Aliiva kabla kitunguu hakijabadilika rangi.

Baada ya Misa ya asubuhi alianza kusonga. Hapo ndipo jiko la umeme lilipomshinda. Nyumbani sufuria hukaa kwenye mafiga, ukalibana, ukausonga ugali mpaka mgongo ukaitika. Hapa sufuria lilikuwa juu ya kioo kinachoteleza, na kila alipokandamiza mwiko likakimbia kama mbuzi anayekwepa kamba. Mama Mkuu aliingia kuangalia, amevaa nguo zake safi za sikukuu.

"Nisaidie kushika, Mama Mkuu."

"Nishike wapi?"

"Masikio yote mawili. Usiachie hata likikuvuta."

Akashika. Felisita akasonga. Sufuria likavuta upande huu, Mama Mkuu akalivuta upande wa pili, kilemba chake cha utawa kikapinda, mvuke ukamjaa miwani. Ugali uliposhikana na kugeuka donge moja linalong'aa, yule mama wa Kiholanzi alikuwa anahema kama mtu aliyetoka kuchimba kisima, na aliuliza kama kule Bariadi wanawake hufanya hivyo kila siku. Felisita akamwambia mara mbili kwa siku. Mama Mkuu akakinyoosha kilemba chake.

Wakapakua kama utaratibu wa nyumba ulivyotaka: sahani ya mgonjwa peke yake, kila kitu sehemu yake, kifuniko juu, kijiko na kitambaa pembeni. Sheria za wodini zilibandikwa ukutani. Mhudumu asionje chakula cha mgonjwa. Mhudumu asile chumbani mwa mgonjwa. Felisita alizijua na aliziheshimu, alikuwa nesi.

Chumbani mvua ya Desemba ilikuwa inagonga dirisha. Sista Adriana alikaa pale pale, uso ukutani. Felisita aliweka sinia kwenye meza ya mgonjwa, akafunua kifuniko, akarudi nyuma hatua kama walivyofundishwa.

Harufu ya nsansa ilienea chumba kizima. Na hapo wote wawili, Felisita na Mama Mkuu, waliona uso ule ukigeuka. Uligeuka polepole kutoka ukutani, pua mbele, macho yakiutafuta ugali, yakauona, yakatulia juu yake. Mkono wa kulia ulitoka chini ya shuka.  Mkono ulifika karibu na sahani, ukasimama. Bibi aliinua macho kutoka kwenye chakula mpaka kwa Felisita aliyesimama mbali, mikono mgongoni, hali wala haketi. Mkono ukarudi chini ya shuka.

"Nogi," alisema.

"Anataka zaidi," Mama Mkuu alinong'ona, machozi yakimlenga. "Mwongezee, Felisita, haraka."

Felisita hakusogea. Labda ilikuwa harufu ile iliyomsafisha masikio. Kwa mara ya kwanza alilisikia neno lenyewe, na halikuwa la Kiholanzi. G ya Waholanzi hukwaruza koo. G hii ilikuwa safi, na mwisho wake kulikuwa na irabu ambayo wauguzi walidhani ni pumzi ya mtu asiye na meno. Nogi ni Kisukuma. Ni mchawi.

Damu ilimpanda usoni. Kwao neno hilo halitaniwi; wako bibi waliouawa kwa ajili yake, pengine kosa lao likiwa macho yaliyoiva kwa moshi wa kuni. Na sasa sista, tena sista wa misheni, amemwita hivyo yeye, siku ya kuzaliwa Bwana, mbele ya Mama Mkuu. Kisha akayakumbuka yale masinia yote. Kila siku bibi huyu aliletewa chakula na mtu asiyemjua, kikawekwa mbele yake, na aliyekileta akasimama kando kumwangalia anavyokula peke yake. Kila siku aliwaambia waziwazi anachokiogopa, kwa lugha pekee iliyombakia, na wao kila siku walijibu kwa kumwongezea.

Daktari alikuwa amesema wazee wakipotewa na maneno hurudi kwenye lugha ya mama. Huyu alirudi kwenye lugha ya mama wa watu wengine. Felisita, aliyechapwa shuleni kwa kuongea Kisukuma mpaka akakiacha jikoni kwa mama yake, aliyefika chumba hiki mara ngapi na shikamoo zake za Kiswahili, alisimama pale amepigwa na bumbuwazi. Lugha yake ilikuwa imemngoja Uholanzi, mdomoni mwa Mzungu.

Akakumbuka na jingine. Zahanati ya misheni, yeye mdogo, amebanwa magotini mwa mama yake, homa inamchemsha. Sista Kabula ameshika kijiko cha dawa chungu. Lakini hakumpa. Alikipeleka kwanza mdomoni mwake mwenyewe, akaonja tone mbele ya mama na mtoto, akakunja uso mpaka watu kwenye benchi wakacheka, ndipo akammiminia mgonjwa. Aliwafanyia hivyo wote. Kila mpishi wa Kisukuma ajuaye adabu huonja kwanza mbele ya mgeni, aondoe uchawi, mgeni ale kwa amani. Na huyu Mzungu, ambaye hakuamini uchawi hata kidogo, aliushika ule ustaarabu akaushika kweli kweli, mpaka akili ilipomwacha wenyewe ukabaki.

"Mama Mkuu," alisema Felisita, "nisamehe, leo navunja sheria."

Aliitoa ile meza ya magurudumu, akavuta kigoda kifupi. Akachukua bakuli la maji akamnawisha bibi mikono, kwanza wa kulia, akanawa na wake. Akaweka sahani moja juu ya kigoda, katikati yao, akaketi sakafuni miguu kaikunja upande kama alivyofundishwa na bibi yake mzaa baba.  Kisukuma kilikuja kwa kujikwaa, kimechanganyika na Kiswahili.

"Mwadila, mayu," alisema, habari za mchana, mama.

Sista Adriana alimtazama kwa mara ya kwanza, yaani alimtazama yeye.

"Mwadila, ng'wanone," akajibu, za mchana, mwanangu. Sauti ilikuwa ya mwanamke wa Bariadi aliyeketi mlangoni kwake alasiri. Mlangoni, Mama Mkuu aliufunika mdomo kwa mkono.

Felisita akamega ugali, akaufinyanga, akachota nsansa, akala. Akatafuna taratibu, akameza, akauonyesha mdomo uliobaki mtupu. Akanyofoa kipande cha kuku, akakila. Akaonja mchembe. Kila chakula alichokipika kilipita kinywani mwake kwanza, naye bibi alifuata kila tonge kwa macho, kwa makini, bila haya. Alipomaliza akavuta mikono, akangoja. Hakuwahi kusali vile hata kanisani.

Mkono ulitoka chini ya shuka. Ukafika kwenye sahani, ukamega. Vidole vile vyembamba vikauzungusha ugali ndani ya kiganja ukawa tonge, dole gumba likalitoboa kishimo, tonge likainama kwenye mboga likachota bila kumwaga. Hata Felisita, aliyekuwa amekula kwa uma na kisu miezi yote hiyo, hakuwa amefinyanga tonge zuri kama lile. Bibi akaliweka mdomoni. Akafumba macho.

Akala. Alikula polepole, kwa fizi, na alipomeza alimega tena. Felisita akawa anamega naye kwa zamu, asimwache peke yake hata kidogo, na machozi yakawa yanamtiririka, hakuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa na nsansa.

"Huu ni unga wa msaada," bibi alisema baada ya muda, kwa Kisukuma, akiuangalia ule unjano kwa masikitiko. "Mvua imekataa tena mwaka huu?"

Nje Uholanzi nzima ilikuwa inalowa.

"Imenyesha, mayu. Inanyesha hata sasa."

"Basi pamba itaota." Akamega tena. Kisha akainamisha kichwa upande, akamchunguza Felisita, shati lake la sare, viatu vyake vyeupe vya wodini. "Kisukuma chako ni cha kuokoteza. Wewe si wa hapa."

Felisita alitaka kumwambia kwamba ni wa Dutwa, binti wa Luhende, kwamba alichanjwa kwa mikono hiyo hiyo. Lakini alipofungua mdomo, umbali wote ulimjia kwa pamoja, ng'ombe wasio na mchungaji na viazi na usiku unaoingia saa kumi jioni, na akaona kwamba bibi amesema kweli.

"Hapana, mayu. Nimetoka mbali."

"Mama yako anajua uko huku?"

"Anajua."

"Usilie, mwanangu. Hata mimi nilipokuja nililia Krismasi yangu ya kwanza. Nilipika viazi, nikawapakulia watu kila mmoja na sahani yake, nikasimama pembeni nikiwasubiri wale. Hawakugusa. Nikaingia ndani kulia. Akaja mama mmoja, jirani, akanikamata mkono akaniketisha chini, akanifundisha kula nao." Bibi akalitafuta jina la yule mama, hakulipata. "Utazoea. Watu wa hapa ni wazuri."

Akanyoosha mkono kwenye sahani, akamtafuta kuku kwa vidole, akaupata mguu wenye nyama, ule ambao Felisita alimwekea yeye. Akautoa, akauweka upande wa Felisita.

"Kula wewe," alisema. "Mgeni ni wewe."

Felisita aliuchukua. Akainama juu ya nyama ile akaila yote mpaka mfupa, kama mtoto, na bibi alimsimamia kwa macho kuhakikisha ameimaliza.

Mama Mkuu alikuwa bado mlangoni. Sahani ilikuwa karibu tupu, na alijua tayari ni simu gani atakayoipiga kesho, gari lisije. Lakini alichouliza kilikuwa kingine.

"Felisita, anasema nini?"

Felisita alijaribu kumtafsiria, akashindwa kuanza. Akasogea kando, akaacha nafasi sakafuni mbele ya kigoda, akamsogezea bakuli la maji. Mama Mkuu aliitazama ile nafasi, akazitazama nguo zake safi za sikukuu. Halafu akakunja mikono ya gauni, akapiga magoti, akanawa.